Mashine Iliyojulia Watu Hali

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lango la Ukumbi wa Vidhibiti jijini Mbeya lilianza kusalimia watu. Lilimjua kila aliyelikaribia. Kijana lilimwambia "Mambo?", mzee lilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha likauliza, "Habari za leo?" Aliyeulizwa alijibu, taa ya kijani ikawaka juu ya kichwa chake, mlango ukafunguka. Mtambo huo uliitwa Mjuliahali. Uliyasikiliza maneno ya mfanyakazi, ukayapima, ukampa rangi: kijani kwa aliye mzima, njano kwa aliyechoka, nyekundu kwa anayepaswa kupumzishwa na kuonana na mshauri siku hiyo hiyo.

Watu mia nne na kumi na wawili walipita hapo kila asubuhi. Kazi yao ilikuwa kuketi saa kumi na mbili mfululizo wakiwa wamevaa kofia za kuonea mbali, kila mmoja akiongoza roboti nne zinazochimba madini kilomita tatu chini ya ardhi. Roboti hazichoki. Anayeziongoza huchoka, ndiyo maana shirika likaanzisha Mpango wa Siha Kazini, wenye chumba cha utulivu, viti vya kukanda mgongo, matunda ya bure kila Jumatano na, juu ya yote, Mjuliahali. Viti vya kukanda mgongo vilishika vumbi kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kuvikalia, lakini kwenye picha za shirika vilipendeza sana.

Mpango ulifanikiwa kupita matarajio. Kwa miaka miwili ukumbi mzima haukutoa rangi nyekundu hata moja. Wiki hiyo wageni kutoka nchi saba walikuwa njiani kuja kujifunza, na mbunifu wa Mjuliahali, Mhandisi Atupele Mwambene, alipangiwa kuwahutubia Ijumaa.

Jumatano alipata mgeni mwingine. Alikuwa Mama Gwamaka, mjane wa Ambokile Mwaijande, mwongozaji roboti ambaye wiki iliyotangulia moyo wake ulisimama akiwa kitini, kofia bado iko kichwani.

"Shikamoo, mama," Atupele alisema akiinuka.

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Ila ndiyo hivyo, tumemzika Jumamosi." Mama Gwamaka aliketi, akaweka mkoba wake mapajani. "Sikuja kugombana na mtu. Mume wangu alikuwa akisema mashine yenu inamsikiliza. Basi nimekuja kuomba niisikie sauti yake. Alikuwa akisema nini zile siku za mwisho?"

Atupele alifungua kumbukumbu za marehemu. Asubuhi mia mbili na kumi na nne, zote kijani.

"Kila siku alisema salama, mama," alijibu, na papo hapo akakumbuka jinsi mama mwenyewe alivyojibu: nzuri, ila.

Kwetu nyumba ya mtu hata ikiungua, ukimwuliza habari atakujibu nzuri kwanza, ndipo aseme imeungua. Ni adabu. Atupele, mzaliwa wa Rungwe, aliijua adabu hiyo kabla hajajua kusoma. Lakini siku za majaribio foleni ya langoni ilikuwa ndefu, wakubwa wakanung'unika, naye akaupa mtambo sekunde mbili tu za kupima jibu. Alipoulizwa kama sekunde mbili zinatosha, alisema zinatosha. Lilikuwa kosa la kijinga, ambalo mgeni angesamehewa, yeye hapana.

"Nipe hadi kesho, mama yangu," alisema. "Nitakutafutia sauti yenyewe."

Sauti ilikuwepo. Sheria ya kazi ilitaka kila neno linalosemwa langoni lihifadhiwe, kwa hiyo lilihifadhiwa, na hakuna aliyewahi kusikiliza. Mchana kutwa Atupele alimsikiliza Ambokile. Kisha akafungua sauti za asubuhi ile ile ya Jumatano, za watu wote. Kati ya mia nne na kumi na wawili, mia mbili themanini na tisa walikuwa wameendelea kuzungumza baada ya taa ya kijani kuwaka. Mmoja alilia wakati mlango unamfungukia.

Jioni alimfuata mkurugenzi, Bwana Kyando, akamweleza yote.

"Ukimhesabu kila anayesema ila, ukumbi utakuwa mwekundu mtupu," mkurugenzi alisema.

"Ndivyo ulivyo, mzee."

"Na roboti ataongoza nani? Atupele, wageni wanaingia keshokutwa. Sisi hatukuua mtu. Tulimwuliza, akasema salama."

"Hakumaliza kusema."

"Basi tutarekebisha taratibu, baadaye. Huyo mama mwambie sauti zilifutika. Tumtengenezee cheti cha heshima cha mumewe, akitundike sebuleni."

Atupele aliogopa, na hakuna haja ya kumfichia hilo. Mpango huu ndio uliompa jina; bila huo angekuwa mhandisi kama wahandisi wengine. Alirudi ofisini akatafuta sababu za kumtii mkurugenzi, akapata tatu, zote nzuri. Angempunguzia mjane uchungu. Angebaki kazini aurekebishe mtambo. Marehemu angeachwa apumzike. Alizirudia hadi zikasikika kama maneno ya mkurugenzi.

Alhamisi, Mama Gwamaka alipofika, Atupele alifunga mlango, akafungulia sauti.

"Salama tu," Ambokile alisema, sauti nzito yenye mikwaruzo, na mkewe akashika ukingo wa meza. "Ila usingizi umenikataa."

"Salama, ila jana nimesahau jina la mwanangu. Nimemtazama tu, halikuja."

"Salama, ila kifua kinabana nikivaa kofia."

"Salama, ila naomba mnitoe kwenye kiti hiki, hata siku mbili." Ombi hilo alilirudia asubuhi nne mfululizo, kila mara kwa upole ule ule.

Siku ya tano alisema, "Salama." Zikasikika hatua zake, akaingia kazini, na ndiyo siku aliyokufa.

Mama Gwamaka hakulia. Aliuvuta mkoba wake karibu na tumbo.

"Mwaka jana nilipasuliwa figo," alisema. "Daktari akakataza nisitiwe hofu. Basi nyumbani ikawa salama tu, mama, salama. Nami nikafurahi, nikasema mume wangu hana neno." Akafuta midomo kwa upindo wa khanga. "Kumbe ila zake zote alikuwa anazileta kwenu."

Atupele alinyoosha mkono kuzifunga kumbukumbu.

"Rudisha pale anapoomba kutolewa kwenye kiti," Mama Gwamaka alisema. "Kuna mtu aliongea juu yake. Sikumsikia vizuri."

"Mama, hapo hapana haja."

"Rudisha, mwanangu."

Atupele alirudisha, akaongeza sauti. Ambokile alisema salama, na kabla hajafika kwenye neno kiti, sauti ya lango, ya mwanamke, changamfu na yenye heshima, ikamfunika maneno: "Asante sana, Mzee Ambokile. Tunafurahi kusikia hivyo. Uwe na siku njema." Chini yake, kwa mbali, mwanamume alikuwa bado anaomba.

Mama Gwamaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka, akamtazama Atupele usoni, kwenye midomo.

"Hiyo sauti ni yako."

"Ni yangu, mama," alisema Atupele.