Herufi Tatu za Niyonzima

Kila siku baada ya masomo, Hadjara alimsaidia shangazi yake, Batuli, katika chumba cha intaneti karibu na soko la Rumonge. Vita vilikuwa vimewatawanya watu. Wengi walivuka kwenda kambi za Tanzania, na waliobaki walikuja hapo kuuliza habari za ndugu zao. Hadjara aliwaandikia majina kwenye ukurasa wa kuwatafuta waliopotea. Alikuwa na vidole vyepesi, na maringo hayakukosekana.

Jumatatu moja aliingia Domitille, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Magara, mtoto mchanga mgongoni.

"Nitafutie bwana yangu, mutoto wangu. Niyonzima Sylvestre. Tangu atoroke sijamuona."

Ukurasa ule ulisikia kila kitufe. Ukiandika herufi moja tu kwenye kisanduku, hapo hapo ukurasa unaanza kukisia na kuleta majina. Hadjara aliandika N, i, y, kisha akabonyeza kitufe cha kuingiza bila kutazama. Ukurasa ukachukua jina la kwanza.

"Amefariki," akasoma.

Masikini Domitille. Aliketi sakafuni, mtoto akalia asimsikie. Wenzake wa sokoni walikuja kumwinua wakamchukua.

Batuli, aliyekuwa ametoka, akarudi na kumkuta mama yule akichukuliwa, akatazama kioo cha kompyuta. "Hapa ni Niyongabo Josias, wa Gitaza. Mama yule alimtaja nani?"

"Niyonzima," Hadjara akajibu. "Niliandika herufi tatu, shangazi. Jina likaja lenyewe."

"Herufi hizo tatu ni za nusu ya Burundi. Ukurasa ulikuwa bado unakusikiliza, wewe ukauambia umemaliza."

Hadjara akaandika jina zima, polepole. Niyonzima Sylvestre alikuwa hai, kambini. Akakimbia sokoni.

Domitille alimtazama kwa macho makavu. "Ulisema amekufa. Sasa unasema iko hai. Nikuamini wapi?"

Ikabidi Batuli aje kumshika mkono, amrudishe, amsomee mwenyewe. Domitille alilia sana. "Murakoze, asante," akamwambia Batuli. Domitille hakumtazama Hadjara.

Hadjara aliona aibu iliyomchoma. Akanyoosha mkono afunge ukurasa wa Josias, Batuli akamzuia.

"Huyu amekufa kweli, na ana mtu wake atakayekuja kuuliza. Akija, utaandika jina lote, utasoma yote, ndipo ufungue mdomo. Domitille tumemrudishia mume. Huyo atakayekuja hatutakuwa na la kumrudishia."