Ua la Chumbani kwa Marsela

Marsela alikuwa ameliweka lile ua, na ndoo yake, chini ya dirisha. Sasa lilikuwa kando ya kitanda, upande anaolala mumewe.

Alidhani ni Celestin aliyelisogeza. Celestin alikuwa karani wa tiketi kwenye stesheni ya reli ya Mpanda, na asubuhi hiyo alikuwa amerudi kutoka zamu, akavua viatu, akalala bila hata kunywa chai. Alipoamka mchana, Marsela akamuuliza.

"Mimi? Ndoo nzito vile, niisogeze ya nini?" Celestin alijibu huku akipiga miayo. "Labda umesahau mwenyewe. Maua yamezidi humu ndani, mtu hajui hata pa kukanyaga."

Hapo alisema kweli. Nyumba yao ya Makanyagio ilikuwa na vyumba vitatu, na vyote Marsela alikuwa amevijaza maua. Pale Mpanda watu waliyaita maua hata kama hayachanui, alimradi yako kwenye kopo na yamewekwa ndani. Sebuleni aliyafunga yale ya kutambaa kwa nyuzi, yakazunguka kuta zote, yakapita juu ya kabati la vyombo na picha ya harusi. Mezani kulikuwa na makopo ya mafuta ya Kimbo aliyoyapaka rangi nyeupe. Koridoni zilisimama ndoo zenye majani marefu ya kuchoma kama mkonge. Majirani walikuja kushangaa na kuomba vipande vya kupanda kwao.

Alianza baada ya mimba ya pili kutoka. Alihitaji kitu cha kumwamsha asubuhi, kitu kinachokua. Mama mkwe wake, Lucia, alipokuja kutoka Magamba hakulielewa hilo. "Wenzako wanalea watoto," alisema siku moja mbele ya wageni, "wewe unalea majani." Marsela alichukua kitambaa chenye maji akaenda kuyapangusa, jani moja moja.

Ua la chumbani alilipata Sitalike. Ilikuwa mwaka 1998, mvua za El Niño zimekwisha, barabara ndiyo kwanza imeanza kupitika, naye akaenda kumsalimia shoga yake Odeta, aliyewahi kuimba naye kwaya moja. Walipokwenda kuteka maji kwenye chemchemi nyuma ya mashamba, Marsela akaliona. Majani yake yalikuwa mapana kama sinia, kijani kilichokaribia weusi, na mishipa myekundu iliyotutumka kama mishipa ya mkono wa mtu. Shina lilifungwa vitambaa vyeupe. Chini yake palikuwa na bakuli la udongo lenye unga.

"Usiguse," Odeta alisema, sauti ikishuka. "Hapo pana mwenyewe. Wazee wa hapa wakija kuomba, wakiondoka wanatembea kinyumenyume."

"Mwenyewe nani?"

"Sijui. Mimi mwenyewe mgeni hapa. Wanasema tu, mwenyewe."

Marsela alicheka. Kesho yake alfajiri, kabla Odeta hajaamka, alirudi peke yake, akafungua vile vitambaa, akachimba kwa kijiti na kwa kucha mpaka mizizi ikaachia. Akaliinua kifuani kama anavyobebwa mtoto.

"Twende nyumbani kwangu," aliliambia. "Nitakutunza."

Hakuna aliyemsikia, au ndivyo alivyodhani.

Baada ya ua kuhama lenyewe, ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya matope ya mtoni iliyochanganyika na damu mbichi, kama ya machinjioni. Marsela alifua mashuka, akadeki, akaacha madirisha wazi mchana kutwa. Harufu haikutoka. Na kila alipomwagia maji kwenye ndoo, aliyasikia yakimezwa kwa mafunda makubwa, kama anavyokunywa mtu aliyetoka kulima, kisha ikafuata pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika. Maua mengine yakaanza kufa. Yale ya sebuleni yaliachia nyuzi, yakaning'inia ukutani yakiwa meusi. Lile la chumbani likazidi kunenepa, likafika darini.

Siku moja mchana alikuwa uani akipepeta mchele aliposikia kofi. Alikimbia ndani. Celestin alikuwa ameketi sakafuni, damu inamtoka puani, na shavuni ana alama za vidole virefu kuliko vya binadamu.

"Umenipiga kwa nini?" alimuuliza mkewe kwa kunong'ona.

"Mimi nilikuwa nje, Celestin."

"Basi nani amenivuta miguu akanishusha kitandani?"

Wote wawili wakaligeukia ua. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini jani moja lilikuwa bado linayumba.

Tangu siku hiyo Celestin akawa analala kwenye kochi sebuleni. Marsela alibaki chumbani peke yake, na cha ajabu ni kwamba alilala usingizi mzito ambao hakuwahi kuupata tangu utotoni. Kulipokucha alikuta jani limemfunika kuanzia kifuani hadi magotini, la baridi, lenye unyevu, likipanda na kushuka taratibu kama linapumua pamoja naye. Hakumwambia mtu. Alitaka kuitoa ile ndoo, akaishika mara kadhaa, na kila alipoishika mikono ililegea na moyo ukajaa huruma asiyojua imetoka wapi.

Mama mkwe ndiye aliyeharakisha mambo. Alikuja kumjulia hali mwanawe, akaikuta ile harufu mlangoni, akaifuata moja kwa moja mpaka chumbani.

"Kumbe ni hili! Mtu mzima analala na uozo!" Marsela alimsikia akisema, kisha akasikia ndoo ikiburuzwa. Halafu kimya. Halafu sauti ya mwanamke yule mzee, ndogo kama ya mtoto: "Niache. Baba, niache."

Alirushwa. Alitoka mlangoni bila miguu kugusa chini, akapita koridoni, akagonga ukuta wa sebule na kuangukia kabati, vyombo vikamwangukia, na Marsela alipofika alikuta mkono wa mama mkwe umepinda mahali pasipo na kiungo, mfupa mweupe umetokeza kwenye ngozi, na bado kitu kilikuwa kimemshika nywele kikimpigisha kichwa sakafuni, taratibu, kama mtu anayetwanga, mpaka Marsela alipopiga kelele, "Basi! Mwache!" na kichwa kikaachiwa.

Kilimtii. Hilo ndilo lililomtisha kuliko damu.

Manyanda, mpagazi wa stesheni aliyekuwa jirani yao, alimpakia mama mkwe kwenye baiskeli na kumkimbiza hospitali. Aliporudi hakuingia ndani, alisimama kwenye kizingiti.

"Shemeji," alisema, "hii si ya daktari. Kule Litapunga nina shangazi yangu anayezijua kazi hizi. Kesho namleta."

Shangazi yake aliitwa Nyanzala, Msukuma mfupi mwenye bega moja lililoshuka, mkononi ameshika usinga. Alifika jua likiwa kali. Akavuta hewa mlangoni, akatema mate pembeni, kisha akaketi barazani kama mgeni yeyote.

"Nani alimleta?" aliuliza.

"Mimi, mayu," Marsela alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... twende nyumbani kwangu. Kwamba nitamtunza."

"Nani anampa maji?"

"Mimi."

"Nani anampangusa mwili?"

Marsela akainamisha kichwa. Machozi yalianza kumtoka kabla hajajibu.

"Na analala chumba gani?" Nyanzala alimalizia, kwa sauti ya chini kabisa. "Basi, mwanangu, umeolewa. Huyo jini anajua wewe ni mkewe. Umemwalika kwa mdomo wako, umemlisha, umemlaza chumbani kwako. Huyu mwanaume mwingine anayemkuta humo, kwake yeye ni mgoni."

Hawakujua kwamba Celestin, aliyekuwa ametoka kazini kupitia mlango wa uani, alikuwa amesimama nyuma ya pazia na amesikia kila neno. Waliona tu amepita koridoni na panga mkononi, sare ya reli bado mwilini, na kabla Manyanda hajawahi kuinuka mlango wa chumbani ukajifunga kwa kishindo kilichoangusha vumbi la darini.

Panga lilisikika likikata mara moja. Kisha wakasikia kicheko.

Manyanda aliupiga mlango bega, akaupiga tena, mbao zikapasuka lakini haukufunguka, kwa kuwa nyuma yake mizizi minene kama mikono ilikuwa imetoboa sakafu ya saruji na kuusukuma, na kwa ndani waliisikia mifupa ya Celestin ikigongwa ukutani, na Celestin akilia, kisha akikoroma, kisha akinyamaza.

"Toka hapo," Nyanzala alimwambia Manyanda. "Utakufa bure." Akamgeukia Marsela na kumshika uso kwa viganja viwili. "Mimi siwezi kumtoa, wala huyu. Aliyemwingiza ndiye anamtoa. Mkatae kwa mdomo wako, mkate kwa mkono wako. Na ukimhurumia hata kidogo, mumeo hana maisha."

Marsela aligusa mlango kwa ncha za vidole, nao ukafunguka.

Celestin alikuwa juu ukutani, karibu na dari. Vikonyo vilikuwa vimemzunguka shingo na vingine vimemwingia kwenye mikono ya shati, na vilipopita palikuwa pamechanika, damu ikidondokea kitandani. Macho yake yalikuwa yamepinduka meupe. Mdomo wake ndio uliosema, lakini sauti ilikuwa nzito, ya upole, ya mtu asiye na haraka.

"Mke wangu. Mbona umeniletea watu?"

"Mshushe," Marsela alisema.

"Ulinikuta kwangu, ukanivua nguo zangu, ukaniambia twende. Nimekuja. Sasa huyu anafanya nini kitandani kwangu?"

Kikonyo kimoja, chembamba, kilishuka kikampapasa shavu na kumfuta machozi, kikateremka bega, kikafuata mkono wake wa kushoto mpaka kwenye vidole, kikavizunguka kama anavyoshikwa mkono bibi harusi, na ile huruma ikamjaa tena, nzito na tamu, akahisi kwamba angekaa tu, angenyamaza tu, asingelia tena kwa ajili ya kitu chochote duniani, na ni damu ya Celestin iliyomrudisha, tone lililomwangukia mdomoni, la moto, lenye chumvi.

"Sikutaki," alisema.

Chumba kikatetemeka. Kikonyo kikabana mpaka vidole vikalia.

"Sema tena, nimvunje shingo."

Panga lilikuwa sakafuni, karibu na mguu wake. Aliinama akaliokota kwa mkono wa kulia. Alivuta wa kushoto, ukakataa, na kila alivyouvuta ndivyo shingo ya Celestin ilivyozidi kupinda, kwa kuwa ilikuwa kamba ileile moja, ncha huku na ncha kule. Akaelewa. Aliulaza mkono wake juu ya kizingiti cha dirisha, akafumba macho, akapiga.

Vidole viwili vilibaki kwenye kikonyo. Hakusikia maumivu wakati ule. Alilirukia shina akilia, akalikata, akalikata, "Nakukataa! Sikujui! Nakukataa!" na shina likarusha damu iliyompaka uso na kifua, majani yakampiga mgongoni kama mijeledi na kumchana nguo na ngozi, na nyumba nzima, sebuleni na koridoni, makopo na ndoo vikawa vinapasuka kimoja baada ya kingine, udongo ukaruka mpaka kwenye dari, na katikati ya hayo yote ile sauti ilikuwa inamwita jina lake, kwanza kwa ukali, baadaye kwa kubembeleza, mwishoni kama mtoto anayeachwa njiani. Marsela hakunyamaza wala hakusimamisha panga mpaka shina lilipoanguka, na Celestin akaangukia juu yake.

Manyanda alimbeba Celestin. Nyanzala alifunga mkono wa Marsela kwa kitenge, kisha akasimamia kuchomwa kwa vile vipande uani, kwa mafuta ya taa. Vilitoa harufu ya nyama.

"Amekwenda?" Marsela aliuliza, midomo imemkauka.

"Ametoka nyumbani kwako," Nyanzala alisema, akaendelea kutazama moto.

Marsela na Celestin walilazwa hospitali ileile alikolazwa mama mkwe. Celestin alivunjika mbavu na mfupa wa bega, na sauti yake haikurudi kama zamani, ilibaki ya kukwaruza, ndogo, mpaka mtu amsogelee ndipo amsikie. Hakuwahi kumlaumu mkewe. Waliporudi Makanyagio walipaka kuta chokaa, wakasakafia upya chumba, wakakaa humo pasipo jani hata moja. Marsela alijifunza kukuna nazi na kufua kwa vidole vilivyobaki. Jioni walikaa barazani wakisikiliza redio, na taratibu wakaanza kucheka tena kwa mambo madogo.

Celestin alirudi kazini. Mchana mmoja wa siku ya treni, foleni ilikuwa ndefu, Wasukuma na mizigo yao ya mpunga, wanafunzi, akina mama na watoto mgongoni. Alikuwa akikata tiketi bila kuinua macho. Ikafika zamu ya mtu mmoja mrefu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mpole, akainama kwenye dirisha.

"Habari za kazi, bwana."

"Nzuri," Celestin alijibu kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Unakwenda wapi?"

"Tabora." Yule mtu alisubiri kidogo, kisha akauliza kwa upole, kama watu wanaofahamiana wanavyoulizana, "Mke wetu hajambo? Mkono umepona?"

Kalamu ilisimama. Nyuma ya yule mtu watoto walikuwa wanalia, mtu analalamika foleni haisogei, treni inapuliza honi. Celestin alitaka kupiga kelele, lakini mdomo wake ukasema peke yake yale maneno ambayo ulikuwa umeyazoea miaka yote ya kazi.

"Kwenda tu, au na kurudi?"

"Na kurudi," alijibu yule mtu.