Uzio wa Mtoni Usiguswe

Mafuriko yalipopungua, uzio wetu wa bondeni haukuwepo. Nguzo zilikuwa zimeng'oka, na seng'enge imejiviringisha kwenye magogo na mabua ya mahindi. Ng'ombe wetu arobaini walibanana nyuma ya ghala, wakila marobota ya mwisho ya nyasi kavu. Bila uzio kabla ya majani kuota, tungelazimika kuwauza.

Huku kwetu mtu akipata hasara, majirani hawangoji kuitwa. Jumamosi asubuhi magari saba yalijaa uani. Wanaume walikuja na trekta na koleo, wanawake na pai na kahawa. Kufikia jioni, uzio wa upande wa barabarani ulikuwa umesimama. Mume wangu, Delbert, nusura alie kwa furaha.

Jumatatu tukaenda ofisi ya kilimo ya kaunti kuomba ruzuku ya dharura ya kujenga uzio upya. Binti wa pale, Janelle, alitazama picha tulizopiga za shamba, akaweka kalamu chini.

"Mmeshaanza kazi?"

"Kuanza? Upande mzima tumemaliza!" Delbert akajibu kwa majivuno.

"Pole, mzee. Upande huo hatuwezi kuulipia. Unaomba kwanza, tunakuja kukagua, unapata kibali. Ndipo unachimba shimo la kwanza."

Niliwaka. "Yaani tuliojituma ndio tunaambiwa pole? Tangazo la kanuni hiyo mliliweka wapi?"

"Kwenye ubao, hapo mlangoni."

"Mlangoni! Barabara ilikuwa chini ya maji wiki mbili. Nani angekuja kulisoma, samaki?"

Janelle hakubisha. "Una haki ya kukasirika, mama. Baba yangu naye aliikosa ruzuku hivyo hivyo. Upande wa mtoni mmeugusa?"

"Bado."

"Basi msiuguse. Jazeni fomu sasa hivi. Ng'ombe wazungushieni waya wa umeme wa muda mahali pengine. Tunzeni kila risiti. Serikali hulipa sehemu ya gharama, si yote."

Tulijaza fomu palepale.

Jumamosi iliyofuata majirani wakarudi. Orville, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alishaelekeza trekta lake mtoni. Nilikimbia nikasimama mbele yake.

"Orville, zima hiyo mashine!"

"Wilma, una wazimu? Tumekuja kuwasaidia!"

"Msaada wako utanimalizia ng'ombe!"

"Kwa hiyo tukae tu tutazame takataka?"

"Ndiyo! Kaeni mle pai!"

Niliona aibu, jamani. Kwetu msaada haukataliwi. Lakini niliwaeleza yote, kisha nikamuuliza Orville, "Na uzio wako?"

Akakuna kichwa. "Nilipanga kuuanza kesho."

"Thubutu! Jumatatu unakwenda na mimi ofisini."

Tulikwenda familia saba. Mkaguzi alikuja, akapima, na vibali vikatoka. Ndipo matrekta yakanguruma, shamba moja baada ya jingine. Majani yalipoota, ng'ombe wetu arobaini waliingia malishoni. Hatukuuza hata ndama.

Uzio wa barabarani tuliulipia wenyewe. Kila nikiupita, hasira hunipanda upya. Ndiyo maana nimepigilia kibao juu yake, kila dereva akione: "HUU TULIUJENGA KABLA YA KUOMBA. WEWE OMBA KWANZA."

Ofisi haikukiweka. Nimekiweka mimi.