Kinusi na Mikono ya Bi Mize

Kinusi kilipita juu ya chupa elfu nne bila kuifungua hata moja. Kila chupa ilikuwa na chipukizi la mshokishoki, dogo kama punje ya mchele, limepandwa kwenye rojo la sukari lisilo na chembe ya udongo. Kazi ya mashine ile ni kunusa vifuniko. Harufu ya uozo hukifikia siku tatu kabla jicho la mtu halijauona, na hapo hapo hutaja aliyeuleta, kwani siku kilipowekwa kazini wafanyakazi wote walipanga foleni kikawanusa mikono.

"Chupa mia mbili na kumi," kikasema. "Mchafuzi: Mize Khamis Faki."

Zuwena, mkuu wa maabara ile ya kuoteshea miche huko Wete, akaduwaa. Bi Mize alifukuzwa siku arobaini zilizopita, kwa neno la Kinusi hicho hicho na saini yake yeye Zuwena. Chupa hizi zilipandwa juzi. Mtu hayupo, mkono wake umepitia wapi?

Akaanza kushuku watu, ndiyo tabia yetu. Akamshuku mlinzi kwamba anamwingiza Bi Mize kwa mlango wa nyuma, akamhoji mpaka mzee wa watu akakaribia kulia. Akamshuku mkataji mpya aliyeshika nafasi ya Bi Mize. Asubuhi nzima akatazama picha za kamera, asione kitu. Mashine aliishuku mwisho kabisa, na hata hapo kwa shingo upande.

Akavaa glavu mpya, akaenda bustanini kwenye mshokishoki mkongwe uliotoa machipukizi ya chupa zote zile mia mbili na kumi. Mti ule zamani hakukabidhiwa mtu ila Bi Mize, kwa wepesi wa mkono wake. Zuwena akakata kijiti, akakiosha kwa spiriti, akakipasua katikati na kukiweka mbele ya Kinusi.

"Mchafuzi: Mize Khamis Faki."

Maskini wee! Uozo ulikuwa ndani ya mti, unatembea na maji yake. Siku ile ya foleni Bi Mize alikuwa ametoka kukata vijiti vya mti huo, na Kinusi kikaushika ugonjwa wa mti kwa jina la mtu.

Zuwena hakungoja gari. Alimkuta Bi Mize barazani kwake, wajukuu wamezunguka sinia, yeye amekaa kando peke yake, ana sahani yake na kijiko. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa kuisugua na dawa ya kufulia. Binti yake akasema tangu afukuzwe hajagusa chakula cha watoto.

Zuwena akaeleza yote bila kupumua, mti, foleni, kijiti. "Mashine ilikosea, Bi Mize."

"Mashine hainijui, mwanangu. Wewe miaka kumi na moja ulikula samaki niliyekuchambulia kwa mkono huu. Tumbo lilikuuma hata siku moja?"

Zuwena akatikisa kichwa. Bi Mize akachukua tena kijiko chake, akaendelea kula pale pale kando.