Hereni ya Posa

Ting.

Sauti ile ilitoka kwenye bakuli la bati juu ya kabati la bafuni, na kwa lile giza ilisikika kubwa kuliko ilivyokuwa. Umeme ulikuwa umekatika jengo zima tangu jua kuzama. Baljan alisimama na kitambaa cha kichwa mkononi; kukivua kulikuwa kumeing'oa hereni ya kulia, naye akangoja ting ya pili. Haikuja.

Akapapasa sikio la kushoto. Tundu tupu. Plasta aliyoibandika asubuhi juu ya hereni ilikuwa inaning'inia upande mmoja, na hereni yenyewe haikuwepo. Akakung'uta kitambaa, akakung'uta shati, akapiga magoti na kupangusa sakafu kwa viganja. Akawasha tochi ya simu, akamulika mpaka ndani ya viatu. Hakuna kitu.

Ndipo akakumbuka.

Adhuhuri ile, ndani ya ukumbi mkubwa wa kuungia roketi, alikuwa ameingiza kichwa na mabega katika kidirisha cha mkiani mwa roketi ya ubavuni, ya pili kati ya nne zinazoizunguka ile kubwa ya katikati, akifunga nyaya. Kazi hiyo hupewa yeye kila mara kwa kuwa ana umbo dogo. Alipokuwa akijitoa, kofia yake nyeupe ilinasa kwenye ukingo wa chuma. Sikio lilimwuma kidogo kama la mtu aliyeumwa na siafu. Akairudisha kofia vizuri, akaendelea na kazi. Kisha kidirisha kikafungwa na kupigwa lakiri.

Simu ikalia mkononi mwake, akashtuka nusura aitupe.

"Malkia wa giza," sauti ya mchumba wake Jandos ikacheka. "Na kwenu umekatika?"

"Umekatika."

"Basi njooni huku kwetu. Mama amepika pilau ya kondoo, anasema sufuria haifunuliwi mpaka Inkar afike."

"Leo siwezi, Jandos. Kichwa kinaniuma."

"Kichwa, au mama mkwe?"

Siku nyingine angemjibu kwa kejeli hata majirani wasikie. Usiku huo alisema tu, "Lala salama," akakata.

Walikuwa wamekutana sokoni, majira ya baridi yaliyopita, siku za kuelekea Mwaka Mpya, pale mji wa Baikonur unapojazana watu mpaka mtu anatembea kwa miguu ya mwenzake. Inkar, bintiye Baljan, aliyekuwa na miaka minne, aliachia koti jekundu la mama yake ili aangalie samaki, kisha akashika koti la kwanza aliloliona. Lilikuwa la bluu, la mafundi wa kituo cha kurushia roketi, na ndani yake alikuwamo kijana mrefu mwenye kofia ya manyoya ya mbweha.

"Dada," aliita kwa sauti ya mnadani, "wewe umepoteza mtoto au mimi nimejaliwa?"

"Nirudishie mwanangu, we mwizi. Wezi wa watoto nawajua kwa kofia zao."

"Kofia hii nimeirithi kwa babu."

"Basi na wizi umeurithi kwake."

Penzi likashika kama moto kwenye nyasi kavu. Baljan alikuwa amekwisha kuachika mara moja, akaapa kwamba mwanamume mwingine hatavua viatu mlangoni kwake. Jandos akavivua siku ya tatu, akamtengenezea bomba la jikoni, akamfundisha Inkar kupiga mluzi. Na mwanzo wa majira ya kuchipua mama yake, Bi Kulyash, akaja na wazee wa ukoo na maandazi ya mafuta, akamvisha Baljan hereni za fedha zenye mawe mekundu, kama Wakazaki wanavyomvisha binti aliyeposwa.

"Sikiliza, mwanangu," alimnong'oneza akimfunga ya pili. "Kwetu sisi hereni ya posa haivuliwi mpaka harusi. Dada yangu aliivua ili aoge. Wiki haikwisha, mchumba wake akaletwa amefunikwa shuka. Usinivulie. Kazi ya mwanangu unaijua."

Baljan aliijua. Jandos alikuwa wa kikundi cha mafuta: hao husimama chini ya roketi inapojazwa mafuta ya taa na ile oksijeni ya baridi kali inayofuka moshi mweupe. Lakini alijua pia sheria ya ukumbi. Pale hakiingii kitu kisichotoka. Kila bisibisi ina kamba yake na nafasi yake sandukuni. Jioni nafasi moja ikiwa tupu, hakuna anayekwenda nyumbani. Pete, saa, vibanio vya nywele, vyote huachwa kwa mlinzi. Jandos mwenyewe alimwambia, "Ukumbini vua, mama hatajua." Akajibu, "Navua." Hakuwa akivua. Aliogopa yale maneno ya shuka. Akawa anabandika plasta na kushusha kofia.

Asubuhi alifika kazini kabla ya wenzake, akaigeuza kofia yake ndani nje. Tupu. Akachungulia chini ya jukwaa alilosimamia jana. Sakafu ilikuwa inang'aa kama sahani.

Na roketi ilikuwa pale imelala, ndefu, ya kijivu, zile nne za ubavuni zimeikumbatia ile ya katikati, na kichwani mwake chombo watakamokaa watu watatu. Kesho yake alfajiri treni ingeivuta polepole mpaka uwanjani, na watu wangejipanga kando ya reli kuitazama, wote isipokuwa wale watatu wenyewe, maana mwanaanga kuiona roketi yake ikitolewa ni mkosi. Kutwa nzima Baljan alikwepa kuutazama ule mkia. Mara mbili fundi mkuu Arkadi, mzee Mrusi mwenye upara na sauti ya ngoma, alipita karibu. Mara mbili Baljan akafungua mdomo, mara mbili akaufunga. Akisema, kadi yake ya kuingilia itachukuliwa, na Inkar hana mwingine wa kumlisha. Asiposema, labda hakuna litakalokuwa. Kijiwe kidogo, kifedha chembamba. Roketi ile ni kubwa kuliko jengo lao.

Jioni Jandos alikuja bila kupiga simu. Alibeba kopo la tikiti lililolowekwa kwenye siki analolipenda Inkar, na ndevu alikuwa amezinyoa.

"Mgonjwa wangu yuko wapi? Nimeleta dawa."

Inkar akamrukia. Baljan akasimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Umeota pembe?" Jandos akamtania, akanyoosha mkono. "Hebu nikuone."

"Acha."

Lakini kitambaa kilikwisha kuteleza. Masikio yote mawili yalikuwa wazi. Ile hereni moja iliyobaki alikuwa ameificha. Jandos akatazama sikio hili, akatazama lile. Kicheko kikamtoka usoni taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Umevua."

"Jandos..."

"Juzi ulikuwa nazo, nimezigusa mwenyewe. Leo huzitaki. Ndicho kichwa kilichokuwa kinakuuma?"

Baljan akakivuta kitambaa juu ya masikio. Akimwambia, naye atakuwa anajua, na anayejua akanyamaza ana hatia sawa na aliyetenda. "Siwezi kukuambia," alisema.

"Huwezi, au yupo aliyekukataza?"

"Usinitukane mbele ya mtoto."

"Sikutukani. Nauliza kama ninaye mchumba au sina."

Akangoja. Baljan akageukia birika, akamimina chai. Jandos akavaa viatu vyake bila kufunga kamba, akambusu Inkar kwenye utosi, akashuka ngazi.

Bi Kulyash alipiga simu kabla ya chai kupoa.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Mama, mimi..."

"Amenipigia akiwa njiani. Amebadilishana zamu na mwenzake Maksim. Kikundi cha mwisho! Wale wanaobaki miguuni mwa roketi wakati wenzao wote wamekwisha kukimbia! Anasema yeye hana wa kumngojea nyumbani. Baljan, umezivua?"

Baljan akaiweka simu mezani, na sauti ya yule mama ikawa inaendelea kulia kama nzi ndani ya chupa. Akilini alimwona Jandos amesimama chini ya ule mkia, juu yake pale penye nyaya kijiwe chekundu kikiteleza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu jana, akawaona na wale watatu wakifungiwa mlango, mikanda imewabana vifuani, hawana hata pa kugeukia. Nao wana watu wanaowangoja mezani, chai inapoa.

Akampeleka Inkar kwa jirani, akavaa koti jekundu, akatoka mbio.

Arkadi alikuwa bado ofisini kwake ukumbini, glasi ya chai mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinywa. Baljan akaitoa ile hereni iliyobaki, akaiweka juu ya meza. Mzee akaitazama.

"Plasta," alisema.

"Plasta."

"Miaka yote nakagua mifuko ya wanaume kutafuta sigara. Plasta sikuwaza." Akavua miwani. "Unajua alfajiri treni inakuja? Unajua nani wamekwisha kualikwa?"

"Najua."

"Na kadi yako?"

Baljan akaivua shingoni, akaiweka kando ya hereni. Kamba ikamponyoka.

"Kaa chini, binti, usije ukaniangukia," Arkadi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu wa kelele siwaogopi. Mimi nawaogopa walionyamaza." Akainua simu. "Arkadi hapa. Simamisheni treni."

Habari katika mji ule hazihitaji redio. Asubuhi watu waliokwenda kwenye reli na watoto wamebebwa mabegani walirudi wakinong'ona, na ilipofika adhuhuri kila duka la mkate lilikuwa na jina la Baljan. Ukumbini wakakata lakiri, wakaingiza kamera yenye shingo ndefu, wakatafuta mchana kutwa na kesho yake. Hereni waliikuta imejipachika kati ya fungu la nyaya na vali ya bomba la oksijeni, jiwe limeelekea juu.

"Ingeleta nini?" Baljan aliuliza Arkadi kwa simu.

"Labda ingekaa palepale mpaka mwisho. Labda isingekaa. Usiniulize tena, nami nataka kulala."

Jandos alimkuta Baljan ngazini anashusha taka. Walisimama, ndoo katikati yao.

"Uliniacha niamini umenikataa," alisema.

"Ningekuambia, ungenishauri nini? Sema kweli. Ungeniambia nyamaza?"

Jandos akafikiri. "Sijui," alisema. "Na hilo ndilo linalonitisha, mpenzi. Sijui."

"Basi unaona."

"Naona." Akaichukua ndoo mkononi mwake. "Kadi wamechukua?"

"Wamechukua. Labda watanipa kazi ya kufua makoti. Mchumba wako fundi hayupo tena."

"Mimi sikuposa kadi. Nipe mkono, malkia. Acha nikuombe upya, hapa hapa penye maganda ya viazi. Utanioa?"

"Mwanamke haoi, we mpumbavu," akasema, huku machozi yakimtoka na kicheko pamoja.

"Kwa nilivyokutia aibu, mwanamke aoe tu."

Bi Kulyash hakucheka. Alikuja jioni, akamkumbatia Baljan kwa nguvu, akamwambia, "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekufunga kwa hofu yangu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Lakini zimevuliwa. Zote mbili. Rudisha zamu ya Maksim, Jandos. Nakuomba, nitapiga magoti."

"Mama, orodha imekwisha kupitishwa. Na nikimrudishia, Maksim naye ana mama."

Yule mama akajifunika uso kwa shali ya sufu.

Siku ya kurusha, upepo wa nyika ulikuwa umekatika kabisa. Mbwa wa uani hawakubweka. Jandos alipiga simu kabla ya kuingia kazini, maana huko simu haziruhusiwi.

"Nikishafika kwenye handaki tunamojificha nitakupigia kwa simu ya mezani. Usilie lie, Inkar atanicheka."

"Nani analia? Funga kamba za viatu."

Wakapanda juu ya paa la jengo pamoja na majirani: wanaume na darubini, wanawake na birika za chai. Hakuna aliyemsogelea Baljan, wala hakuna aliyemfukuza. Bi Kulyash alikaa juu ya sanduku akiutazama ukuta. Mbali, kwenye ukingo wa nyika, roketi ilikuwa mshumaa mweupe unaofuka moshi. Chini yake, pasipoonekana, kikundi cha mwisho kilikuwa kinafungua mipira ya mafuta.

Moto ukawaka kabla ya sauti. Ukatanda pembeni, mwekundu, mpana mno, mpana kuliko alivyowahi kuuona, na kwa pumzi moja roketi haikupanda. Bi Kulyash akaita jina la mwanawe. Ngurumo ikafika, vioo vikatetemeka, mshumaa ukaanza kupanda, polepole kama mtu anayeinuka na mzigo kichwani, kisha mbio, kisha nukta. Juu kabisa zile nne za ubavuni zikaachia, cheche nne zikafunguka kama ua na kudondoka.

Watu wakapiga makofi. Baljan hakupiga. Alikuwa anatazama chini, kule kwenye moshi uliofunika uwanja wote, usioachia kitu kuonekana.

Simu ikaanza kulia mfukoni mwa koti jekundu. Ikalia, ikalia. Bi Kulyash alisimama juu ya sanduku, mdomo wazi. Baljan aliisikia na hakuweza kusogea.

Inkar akainua uso.

"Mama, niachie mkono upokee simu."