Wino Kwenye Kioo cha Vega

Sanduku lilifunguliwa Jumatatu asubuhi, Fort Worth, na ndani ya bahasha kioo cha picha ya nyota Vega kilikuwa vipande. Macho yote yakamgeukia Wilondja, dereva aliyekileta kutoka Houston.

"Bila jibu kufikia saa sita, dereva hana kazi," mkurugenzi wa makumbusho alimwambia Sandrine, mkuu wa ulinzi.

Sandrine hakutulia mahali pamoja. Alisali kanisa moja na Wilondja, na mke wa Wilondja alikuwa karibu kujifungua.

Kioo hicho cha zamani kilinasa mwanga wa nyota uliotawanywa ukawa mistari. Wanawake wapimaji wa enzi hizo walilaza vioo viwili sambamba, wakalinganisha mistari ya nyota hii na ile, na kuandika kwa wino juu ya kioo chenyewe.

"Dada, nili-drive polepole," alisema Wilondja. "Ile box sikufungula hata kidogo."

Theodora, msafishaji wa vioo pale Fort Worth, naye alishukiwa, maana chupa za spiriti ya kusafishia zilijaa mezani pake.

"Sijawahi kukigusa," alijibu kwa hasira. "Na sisafishi chochote kabla ya kukipiga picha!"

Sandrine aliikung'uta bahasha. Haikudondosha hata chembe moja ya kioo. Akavipanga vipande juu ya taa, kando ya kioo cha nyota Sirius kilicholinganishwa nacho zamani. Mistari ya nyota zile mbili ilifanana kama mapacha. Ila Sirius ilijaa alama za wino, na Vega haikuwa na hata nukta.

Akamgeukia Humphrey, mtunza kumbukumbu aliyefunga sanduku Houston na kuja kushuhudia likifunguliwa.

"Kama kimevunjikia njiani, chembe ziko wapi? Na wino umefutwa na barabara?"

Humphrey aliketi.

"Nilikuwa nakitayarisha ku-scan. Nikakipangusa kabla ya kukipiga picha. Kazi yote ya yule mama mpimaji ikaisha kwa kitambaa kimoja. Ningeiambia nini board? Nikakivunja ndani ya kitambaa hicho hicho. Nilijua kikiwa vipande, hakuna atakayeulizia wino."

"Na Wilondja?"

"Madereva hawakosi kazi."

Sandrine alitamani kumzaba kofi. Lakini Wilondja alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mzee Humphrey," alisema, "jana asubuhi uliweka mkono yako juu ya ile box, ukaniombea safari. Na miye nikasema amina."