Glodie Anajifunza Kusimama

Kila asubuhi kabla ya shule, Glodie aliwapelekea wateja wa mama yake mikate katika mitaa ya Mangobo. Alitumia baiskeli ya baba yake, chuma kizito cheusi kilichokuwa kimebeba abiria wa Kisangani kwa miaka mingi. Breki zake zilikwisha zamani. Kusimama ilikuwa kazi ya mguu: ulishusha mguu wa kulia, ukakandamiza soli ya kiatu kwenye gurudumu la mbele hadi baiskeli itii. Glodie, msichana wa miaka kumi na mitatu, alifanya hivyo bila kufikiri.

Jumatatu moja, Tonton Ignace, kaka wa mama yake, alimletea baiskeli ya mbio. Ilikuwa nyekundu, nyepesi, yenye matairi membamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, na kamba za kufungia miguu kwenye pedali. Tonton aliongoza kikundi cha vijana walioendesha baiskeli kila Jumapili kutoka katikati ya mji hadi Bangboka.

"Kinga ni yako," alisema. Huko baiskeli huitwa kinga. "Lakini utatoka na sisi siku nitakayoona unapita mu mji bila kuweka mutu mu hatari. Kwanza njia ya Simi-Simi, kule hakuna pikipiki mingi. Mu mji, bado."

Glodie aliitikia. Hata hivyo, Alhamisi hakukuwa na mikate ya kupeleka, na Papy, mwanafunzi mwenzake, alikuwa bado hajaiona baiskeli. Glodie aliingia mjini.

Mwanzoni aliona fahari tupu. Baiskeli ilikwenda mbio kwa nguvu kidogo. Ila alikuwa ameinama mno, macho yake yaliona lami na gurudumu tu, na kila pikipiki iliyopiga honi nyuma yake ilimfanya ayumbe kuelekea mfereji.

Alipokaribia ofisi moja ya serikali, filimbi ililia. Bendera ilikuwa inapandishwa. Kila mtu barabarani alijua la kufanya: waliotembea walisimama wima, waendesha pikipiki walizima injini. Glodie naye alijua. Mguu wake wa kulia ulitaka kushuka kwenye gurudumu, ukajikuta umefungwa kwenye pedali. Mikono haikufanya lolote. Alipita pikipiki mbili zilizosimama, akamkwepa kwa shida mama mmoja aliyebeba kichwani beseni la sombe, yaani majani ya muhogo, akaanguka kiubavu karibu na miguu ya mama huyo.

Hakuna aliyemwinua. Hawakuwa watu wabaya. Bendera ilikuwa bado haijafika juu. Mama wa sombe aligeuza macho tu, kichwa na beseni vikabaki palepale. Glodie, mguu mmoja ukiwa kwenye pedali, hakuweza kusimama. Kwa hiyo alinyoosha mikono ubavuni na kukaa kimya, amelala chini.

Filimbi ya pili ilipolia, barabara nzima ilicheka.

"Petite, weye unasalimia drapeau na mugongo?" aliuliza mwendesha pikipiki mmoja.

Papy alikuwa pale pia. "Glodie, ulituambia hiyo kinga inakimbia. Haukusema kama haisimame!"

Mama wa sombe hakucheka. "Mutoto, ungenigonga, nani angepikia batoto yangu leo?"

Polisi alifika akamuuliza Glodie kwa nini hakusimama.

"Freni ilikatala, chef."

"Basi kinga bila freni haitembee mu mji. Itabaki hapa mpaka mukubwa wako akuje."

Tonton Ignace alipoitwa na kufika, hakupiga kelele. Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa nguvu, akabana breki. Gurudumu lilisimama papo hapo. Akafanya vilevile na la nyuma.

"Freni iko muzima," alisema. "Sema tena."

Glodie alitazama mikono yake. "Mukono haukuenda, Tonton. Muguu ndio ulienda."

"Hiyo ni kweli. Na kitu ya kweli inaweza kutengenezwa." Akamgeukia polisi. "Chef, kosa ni ya mutoto, na yangu pia. Niliacha kamba kwa pedali, na yeye hajajua kushuka."

Polisi alimruhusu aichukue, kwa sharti kwamba isukumwe kwa mkono hadi nyumbani.

"Na Jumapili?" Glodie aliuliza njiani.

"Hii, hapana. Ile ingine, itategemea weye."

Tonton aliziondoa kamba. Kila siku baada ya shule walikwenda kwenye barabara ya Simi-Simi. Tonton alipiga filimbi bila kuonya, naye Glodie alipaswa kusimama. Siku ya kwanza mguu ulishuka kila mara. Siku ya pili mkono ulikwenda, lakini alibana breki ya mbele peke yake na gurudumu la nyuma likainuka. Alijifunza kubana zote mbili na kurudisha mwili nyuma. Alijifunza kuinua kichwa, na kuangalia nyuma bila kuyumba. Papy alikuja kucheka. Mwishowe alipewa filimbi, akawa anajificha nyuma ya ukuta na kuipuliza mahali pabaya kuliko pote.

Jumapili ya pili, Glodie alivuka mji, Tonton akimfuata kwa baiskeli yake. Pikipiki zilipiga honi. Glodie alishika mstari wake, mbali kidogo na mfereji. Karibu na soko, mkokoteni wenye magunia ulichomoza ghafla kati ya malori mawili. Kabla hajafikiri, vidole vilikuwa vimeshabana. Baiskeli ilisimama imenyooka, mguu mmoja ukagusa lami.

"Pardon, dada!" alisema msukuma mkokoteni.

"Pita tu, kaka," Glodie alijibu. Aliangalia nyuma, akaendelea.

Vijana wa kikundi walikuwa wanasubiri. Tonton alishuka, akafuta jasho.

"Batu batakusifu juu unakimbia," alimwambia mbele ya wote. "Lakini kukimbia, hata kinga inakusaidia. Kusimama ni kazi ya mikono yako, na mikono inajua tu kitu ulirudilia mara mingi. Fahari ya kupewa kitu, kila mutu anaweza kuwa nayo. Hii ya leo, ulifanyia kazi. Kaa mbele. Bengine batafuata mwendo wako."

Glodie alikaa mbele, akainua kichwa, na kikundi kizima kikaelekea Bangboka nyuma yake.